Sifuri Tatu za Mwisho Kwenye Grafu Yako

Kwako baba, uliyelala nyuma ya nyumba yetu ya mabati kule Mau Narok,

Leo ni Jumanne jioni na mvua imeanza kunyesha hapa Nakuru. Nimekaa kitandani kwa sababu kiti changu, nilicho nacho kimoja tu, nimekijaza vitabu na nguo ambazo bado hazijakauka. Sijawahi kukuandikia barua. Ulipokuwa hai tulikuwa na simu, na tangu ufe nimekuwa na aibu. Lakini kuna jambo la kuamua kabla ya Ijumaa, na nimewapitia wote ninaowajua nikakosa hata mmoja wa kumwambia.

Chuo kimeniita, baba. Wanatafuta mhadhiri msaidizi wa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu kozi ile ile niliyosomea, uchanganuzi wa tabia, na mwalimu wangu wa zamani amenipendekeza. Ijumaa nitafundisha somo moja la majaribio, yeye akiwa amekaa nyuma ya darasa na kalamu yake. Nikifaulu nitapata kazi ya kudumu, yenye meza na mlango ulioandikwa jina letu. Na somo aliloniomba nifundishe ni lile la mradi wangu wa mwaka wa tatu, ulionipa alama za juu kuliko darasa zima. Anataka niwaonyeshe grafu yangu. Ameionyesha kila mwaka tangu niondoke, na anasema hajapata mfano safi kuliko huo.

Hukuwahi kuiona grafu hiyo, lakini inakuhusu wewe. Ni simu zako. Nikiwaeleza wanafunzi ukweli wake wote, kazi hii itaniponyoka, na pengine shahada pia itatiwa shaka. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya mistari hiyo kila mwaka nikiifundisha mpaka nizeeke. Hilo ndilo jambo lenyewe, na ndiyo maana nakuandikia.

Wacha nianzie mbali kidogo, mahali ambapo bado tulikuwa tunacheka.

Unakumbuka siku uliyonileta chuoni? Ulivaa lile koti lako la matanga, kwa sababu hukuwa na lingine, nami nikakutania kwamba walinzi wa getini watadhani umekuja kuchukua mwili. Ulibeba godoro langu kichwani, ukakataa nikusaidie. Njia nzima ulikuwa unaniuliza hii kozi ni ya nini hasa. Nikakueleza kwamba tutajifunza kwa nini watu hufanya wanayofanya: nini kilitangulia, mtu akafanya nini, na nini kikafuata. Ukasimama ukaliweka godoro chini.

"Sasa hiyo si ndiyo mimi hufanya na trekta?" ukasema. "Ikikataa kuwaka, naangalia kwanza ni nini ilitangulia."

"Ni hivyo hivyo, baba. Lakini ni watu."

"Na kazi iko?"

"Iko. Kuna watoto wenye usonji, wale hawaongei. Kuna wazee. Kuna mashule."

Uliniamini papo hapo. Uliporudi Mau Narok ukatangaza pale kwenye kinu cha unga kwamba binti yako anasomea tabia, na Mama Shiro, jirani yetu, akakuuliza mbele ya watu, "Kwani zake ziko na shida gani?" Ulinisimulia kisa hicho ukicheka mpaka ukakohoa, na kila mara ulikitia chumvi zaidi. Ulikuwa na fahari nami, baba. Sijui kama nilikuambia kwamba niliiona.

Tulikuwa wawili tu tangu mama afe nikiwa kidato cha pili. Uliniita mama pia, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako, na watu wasiotujua walikuwa wanashangaa mzee mzima akimwita msichana hivyo sokoni. Kila jioni ulirudi kwa baiskeli kutoka shamba la ngano, kilomita tano za barabara ya murram, ukungu ukiwa umeshuka hadi huwezi kuona mkono wako. Mwaka mmoja kabla sijaenda chuo ulianguka mtaroni, ukalala pale na mguu umeteguka, na nilikupata kwa sababu nilikuwa nakungoja nyumbani nikaona umechelewa. Kwa hiyo pale getini, siku ya godoro, nilikuuliza sasa nani atajua kama umefika.

"Ng'ombe atajua," ukasema.

Sikucheka. Nikakuambia, "Ukifika nyumbani, flash. Usipige, usimalize credit. Flash tu mara moja. Na mimi nitaflash, ujue nimeona."

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

Ndivyo ilivyokuwa miaka miwili mizima. Saa moja jioni simu yangu inalia mara moja na kukatika, nami naiacha yako ilie mara moja na kukatika. Hatukusema neno. Ulikuwa umefika, nami nilikuwa nimejua umefika. Wasichana wa hosteli walikuita mchumba wangu wa saa moja, na sikuona haya, nilifurahi kuwa na mtu wa saa moja.

Kisha nikafika mwaka wa tatu na kichwa kikavimba. Nilianza kuwa na marafiki wa kwenda nao kula chipsi mjini, nikajiunga na kikundi cha mdahalo, na jioni nikawa mtu wa kuzungukwa na watu. Simu yako ikilia, nilikuwa naitazama tu. Sikukuflash tena. Siku nyingine nilikumbuka, nyingi sikukumbuka. Na wewe, usipopata jibu, ulirudia. Mara tatu, mara tano, siku nyingine mara saba. Chebet, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, aliniambia siku moja, "Wee, buda yako amekumiss design mbaya. Si umshikie?" Nikamwambia wewe ni msumbufu. Nilitumia neno hilo hilo, baba. Sikukumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuomba upige.

Mwalimu wetu alipotupa mradi, alisema tuchague mtu wa karibu mwenye tabia inayojirudia, tuihesabu kila siku kwa wiki sita, tutafute sababu yake, halafu tuibadilishe. "Chagueni kitu kidogo," akasema, "kitu cha kawaida." Chebet alichagua kucha zake mwenyewe, alizokuwa anazitafuna kama njugu. Mimi nilikuchagua wewe.

Kulikuwa na fomu ya kujaza. Ukurasa mmoja ulikuwa wa mazungumzo na mhusika: umuulize mwenyewe kwa nini anafanya anachofanya, uandike maneno yake. Chini yake kulikuwa na mahali pa saini, ya kwamba ameelezwa na amekubali. Ulikuwa umbali wa saa moja na nusu kwa gari. Ningeweza kuja Jumamosi yoyote. Ningeweza hata kukupigia. Lakini nilikuwa na haraka, nilijua utakubali chochote nitakachosema, na niliona nakujua vya kutosha. Nikakaa maktaba nikaandika: "Mhusika ni mgane anayeishi peke yake. Hupiga simu mara nyingi ili binti yake amshughulikie." Kisha nikaiga saini yako, pamoja na ule mkia wake mrefu. Nilipomaliza hata nilijisifu kwamba imefanana.

Sababu ya tabia ikishajulikana, unajua la kufanya. Mtu akipiga ili umshughulikie, usimshughulikie. Unaiacha tabia ikose chakula, ife yenyewe, na unampa mtu huyo njia nyingine iliyo bora. Njia yako bora niliyokutungia ilikuwa Jumapili saa kumi, dakika kumi za mazungumzo. Nikakuambia, "Baba, niko na masomo mengi sana. Tuwe tunaongea Jumapili." Ukasema, "Sawa mama. Jumapili ni sawa."

Wiki ya pili ulipiga mara kumi na moja jioni moja.

Tulikuwa tumefundishwa kwamba hilo hutokea. Tabia inayonyimwa chakula hupanda kwanza kabla ya kushuka, kama mtoto anayelia zaidi ukimpuuza. Kwa hiyo nilikaa kitandani nikihesabu, saba, nane, tisa, nikafurahi kwamba kitabu hakikudanganya. Asubuhi Chebet akaniambia, "Babako amepiga kwangu. Nimemshow uko poa, uko na masomo tu." Nikamwambia amefanya vizuri.

Mama Shiro ndiye aliyenieleza baadaye, siku ya mazishi, tukiwa tunaosha sufuria. Jioni ile ulipanda hadi barabarani ukitafuta mtandao, kwenye baridi, na kila mtu aliyepita ulimwambia, "Nekesa hajashika. Sijui kama ni mgonjwa." Hukulala. Chebet alipokuambia niko sawa ulirudi kwa Mama Shiro ukamwambia, "Ako sawa. Anasoma. Huyo sasa ni mtu mkubwa, sitaki kumsumbua." Neno lilikuwa lile lile, kusumbua, na sijui ulilipata wapi kama si kwangu.

Baada ya hapo ulishuka vizuri sana. Nne, tatu, tatu, mbili, moja. Nadhani hukuweza kuacha mara moja, mkono ulizoea. Jumapili ya mwisho ulipiga saa kumi kamili, nami nikasikia unakohoa. Nikauliza ni nini. Ukasema, "Ni vumbi ya ngano tu, mama. Tuko kwa mavuno." Ukaanza kunieleza jinsi kombaini ya kuvunia ilivyokwama na jinsi ulivyoitengeneza kwa kipande cha waya, na ulikuwa unaeleza kwa raha, lakini dakika kumi zilikwisha. Mpango ulisema kumi. Nikakuambia ninaitwa.

Jumatatu ulipiga mara moja. Jumanne, sifuri. Jumatano, sifuri. Alhamisi, sifuri.

Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya darasa na grafu yangu. Mstari ulipanda kama mlima mdogo kisha ukateremka hadi chini kabisa na kulala pale. Mwalimu alisema, "Angalieni hizo sifuri tatu. Hiyo ndiyo tunaita mafanikio." Darasa likanipigia makofi, nami nikainama kidogo kama mwimbaji wa kwaya.

Jumamosi asubuhi Mama Shiro akanipigia. Alikuwa amesafiri kwa binti yake Njoro tangu Jumanne. Msimamizi wa shamba alipoona hujaja kazini alidhani umeshuka Nakuru kuniona, kwa kuwa ulikuwa unasema utakuja mavuno yakiisha. Ni ng'ombe aliyelia kwa kutokamuliwa hadi Mama Shiro aliporudi akaenda kuchungulia. Walikupakia kwenye pikapu ya jirani wakakuleta hospitali. Nilikimbia kutoka kwenye geti la hospitali hadi wodini na sikukuwahi. Daktari alisema ni nimonia na kwamba ulichelewa kufika. Hakunilaumu. Hakujua kwamba zamani, ukichelewa kwa dakika ishirini tu, ningejua.

Hilo ndilo siwezi kulimeza, baba. Kwa miaka miwili kimya chako kingenifanya niwapigie majirani wote. Halafu mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, nikakigeuza kimya kikawa habari njema. Ulikuwa umelala pale peke yako siku tatu, na mimi nilikuwa naandika sifuri na kufurahi.

Nilirudi darasani baada ya mazishi. Mwalimu alinipa pole, wanafunzi wakachanga, na alama zangu zikabaki pale pale. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, na mimi sikuwaunganishia. Nikahitimu. Chebet alinipiga picha nikiwa na joho, na kwenye picha nafasi kushoto kwangu ni tupu, kwa sababu niliizoea kuwa yako nikasimama pembeni bila kufikiri.

Na ile kazi niliyokuahidi kwamba iko? Iko na haiko. Watoto wapo, baba, wengi kuliko nilivyodhani, wengine wamefichwa nyumbani hata majirani hawawajui. Kinachokosekana ni mahali penye jina la kazi yangu. Mwalimu mkuu mmoja alisoma vyeti vyangu, akaninywesha chai, kisha akasema, "Tungekutaka sana, lakini kwa makaratasi yetu hakuna kitu inaitwa hivi." Mwingine aliniuliza kama mimi ni mwalimu ama daktari, na nilipomwambia si mmoja wao, akafunga faili. Chebet alichoka kungoja akaenda ughaibuni, kwenye kliniki ya watoto huko Uarabuni, na hunitumia picha za majengo marefu akiniambia nijaze fomu nimfuate. Wenzangu wengine wanauza nguo au wamekuwa mawakala wa bima.

Mimi nilipata miezi saba kwenye kituo kidogo cha Karagita, kule wanakokaa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Akina mama huondoka alfajiri kwenda kukata waridi, na mtoto asiyeongea hubaki kwenye chumba kile kimoja cha kukodi, na jirani akimchungulia akikumbuka. Nilimfundisha msichana mmoja kuonyesha kikombe akitaka maji. Mama yake alipoona alikaa chini akalia, nami nikalia naye. Ilikuwa miezi ya furaha kuliko yote. Kisha wafadhili wakaondoka na kituo kikafungwa.

Sasa nafanya kazi kwenye nyumba moja hapa mjini, familia ya Kihindi inayouza vitambaa. Mtoto wao Kiran ana miaka saba na haongei. Anaishi na wazazi na nyanya yake, ambaye nyumba nzima humwita Ba. Kiran ana tabia ya kuvuta ncha ya mtandio wa Ba, siku nzima, mara themanini, mara mia. Mama yake aliniomba niizime, akasema inamchosha mzee. Nikatoa daftari nikaanza kuhesabu. Siku ya tatu Ba aliniona nikiandika.

"Nini wewe naandika?" akauliza.

"Nataka kumsaidia aache kukuvuta, Ba."

Akaonyesha daftari kwa kidole. "Wewe umeuliza mimi?"

Nikaishusha kalamu.

"Hiyo wacha," akasema. "Hiyo ndiyo yeye naita mimi. Iko mtu nyingine naita mimi hapa?"

Nilifunga daftari nikaenda chooni nikajifungia, nikauma kitambaa ili wasinisikie. Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Wiki iliyofuata chuo kikapiga.

Nina umri wa miaka ishirini na saba, baba. Nikirudi jioni hakuna anayejua nimerudi. Nakitaka kile chumba chenye jina letu mlangoni, nakitaka kuliko ninavyoweza kukueleza, na ninajua ungekuja kukiona ukiwa na koti lako. Mvua imezidi, siwezi hata kujisikia nikifikiri. Nitaweka kalamu chini hapa kwanza.

*

Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Nimerudi. Viatu bado viko miguuni.

Walikuwa wanafunzi kama arobaini. Niliwasalimu wakaitika. Nikaweka grafu yako ukutani, kubwa kuliko mimi, nikaieleza kuanzia mwanzo kama ninavyojua kuieleza, na nilikuwa naeleza vizuri, baba. Niliona mwalimu akitikisa kichwa kwa kuridhika kule nyuma. Nikafika kwenye sifuri tatu nikaona ningeweza kuendelea tu. Sentensi inayofuata niliijua kwa moyo.

Badala yake nikawaambia, "Siku hizi tatu mhusika alikuwa amelala nyumbani akiugua nimonia. Alikufa Jumamosi. Mhusika ni baba yangu."

Nikawaonyesha fomu. Nikawaambia kwamba maneno ya mhusika niliyatunga mimi na kwamba saini ile ni mkono wangu. Nikawaeleza habari ya baiskeli na ukungu, na jinsi nilivyokuomba uflash, na jinsi mimi ndiye niliyeacha kujibu kwanza.

Kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Kwa hivyo madam, hii graph ni ya uongo?"

"Hapana. Nambari zote ni za kweli," nikamjibu. "Uongo uko hapo juu, pale nilipoandika kwa nini alikuwa anapiga."

Mwalimu alingoja mpaka wanafunzi wakatoka. Alikuja mbele polepole akaitazama grafu, mikono nyuma.

"Ungeniambia, Nekesa," akasema.

"Niliogopa."

"Nimeionyesha miaka yote hii." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Hii lazima niipeleke kwa idara. Sijui watasema nini kuhusu kazi. Hata cheti sijui. Utanisamehe."

Nikamwambia hana kosa. Akasema atanipigia, nami sijui kama atanipigia kweli. Nilipokuwa nakusanya makaratasi nilidhani ningejisikia mwepesi, kama watu wanavyosema baada ya kutubu. Sikujisikia mwepesi. Nilijisikia nimechoka, na nilitaka mtu wa kukaa naye.

Kwenye ngazi nilimkuta msichana mmoja wa darasa lile ananingoja, amekumbatia begi lake.

"Madam, samahani. Mimi project yangu nilikuwa nimechagua mamangu."

"Anafanya nini?"

"Anatuma voice note. Kila asubuhi. Ndefu! Mambo ya majirani, nani amezaa, kuku ya nani imepotea. Tunatoka Longonot, hakuna hata kitu inafanyika huko. Nilikuwa nimepanga nisiwe nazisikiliza nione kama ataacha." Alijifuta pua kwa mkono. "Form nimeshajaza."

"Umejaza mwenyewe?"

Aliinamisha kichwa.

"Nenda nyumbani kesho," nikamwambia. "Muulize mbona anatuma. Muulize hivyo tu."

"Na kama hana sababu?"

"Basi zisikilize bila sababu."

Aliitikia, akashuka ngazi, na kabla hajafika chini nikaona ametoa simu na kuiweka sikioni. Nikageuka ili nisisikie, kwa kuwa hayo yalikuwa yao.

Nimekaa hapa tangu nirudi nikifikiri juu ya swali nililompa. Ni rahisi sana. Baba, mbona unapiga? Jioni yoyote kati ya zile za wiki sita ningeshika simu nikakuuliza hivyo, na isingechukua hata dakika moja. Nalijua jibu ambalo ungenipa. Naijua hata sauti yake, ungeshangaa kidogo kwanza, kisha ungecheka.

"Si ni wewe uliniambia, mama?"

Binti yako,
Nekesa